Kanuni za kuishi katika mabweni ya vyuo vikuu na sababu zake

Na MWANDISHI WETU

KILA mwaka, barua za kujiunga na vyuo vikuu zinapotolewa, mwanafunzi hupokea pia kurasa kadhaa za kanuni za malazi. Aghalabu yeye hutia sahihi pale panapohitajika bila kuzisoma, kwa kuwa mawazo yake yote siku hiyo yako kwenye nauli, karo, godoro na sanduku.

Sahihi hiyo si jambo dogo. Kuanzia siku anapokabidhiwa ufunguo, karatasi hizo huwa mkataba baina yake na chuo. Ndizo zitakazorejelewa iwapo atatakiwa kulipia kioo kilichovunjika, kuhama chumba au kufika mbele ya kamati ya nidhamu.

Kanuni hutofautiana kutoka chuo kimoja hadi kingine, na ni wajibu wa kila mwanafunzi kusoma kijitabu cha chuo chake. Hata hivyo, msingi wake ni mmoja kote nchini. Kanuni nyingi za bweni zinamlinda mtu aliye chumba cha pili, ambaye huenda hata jina lake hulijui, ila maisha yake yanategemea unachofanya wewe usiku.

Kitanda hakiji na barua

Chuo Kikuu cha Nairobi kilipopata hadhi ya chuo kikuu mwaka wa 1970, kilikuwa cha pekee nchini, na wanafunzi walikuwa wachache kiasi kwamba kitanda na nafasi ya masomo vilikwenda pamoja. Vyuo vya Moi (1984), Kenyatta (1985) na Egerton (1987) vilifuata.

Mambo yalibadilika mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wahitimu wa kwanza wa mfumo wa 8-4-4 waliingia vyuoni na idadi ya wanafunzi ikapanda kwa kasi. Katika kipindi hicho hicho, serikali ilianzisha sera ya kugawana gharama, na wanafunzi wakaanza kulipia chakula na malazi yao. Mwaka wa 1998, Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kuwasajili wanafunzi wanaojilipia karo kamili, na vyuo vingine vya umma vikafuata nyayo hizo. Madarasa yalijaa, lakini mabweni hayakuongezeka kwa kiwango hicho.

Kwa miaka mingi, bodi iliyowateua wanafunzi wa vyuo vya umma, JAB, ilizingatia idadi ya vitanda vilivyopo. Bodi hiyo ilirithiwa na KUCCPS, iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Siku hizi mwanafunzi anaweza kupata nafasi ya masomo na akakosa kitanda.

Hivyo basi, jambo la kwanza kufahamu ni kwamba malazi huombwa. Vyuo vingi hupokea maombi kupitia mtandao wa chuo, kwa tarehe maalumu, na kitanda hutolewa baada ya malipo kuthibitishwa. Aghalabu wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wale wenye ulemavu hupewa kipaumbele. Anayechelewa kulipa hupoteza nafasi yake hata kama jina lake lilikuwa kwenye orodha.

Kitanda hulipiwa kwa muhula au kwa mwaka wa masomo, wala si kwa miaka yote minne. Mwanafunzi anayekaa chumba fulani mwaka huu hana hakika ya kukirudia mwaka ujao.

Kagua kabla ya kutia sahihi

Mtunza bweni anapomkabidhi mwanafunzi chumba, humpa fomu yenye orodha ya vifaa: kitanda, godoro iwapo chuo hulitoa, meza, kiti, kabati, taa, kufuli na ufunguo. Fomu hiyo ndiyo itakayotumiwa siku ya kuondoka kupima kilichopotea au kilichoharibika.

Kwa hivyo, mwanafunzi asitie sahihi akiwa mlangoni. Aingie, awashe taa, afungue madirisha, ajaribu kufuli na soketi, na atazame kingo za godoro na mianya ya kitanda kama kuna kunguni. Kasoro yoyote iandikwe kwenye fomu kabla ya sahihi, na kama ana simu, apige picha. Asiyefanya hivyo huenda akalipia kioo kilichovunjwa na mwanafunzi aliyehitimu zamani.

Vyuo vingi hutoza amana ambayo hurejeshwa mwishoni mwa masomo baada ya kukata gharama za uharibifu. Uharibifu ukitokea mahali panapotumiwa na wote, kama vile msalani au kwenye ujia, na mhusika asijulikane, baadhi ya vyuo huwatoza wakazi wote wa orofa au bweni hilo. Ndiyo sababu kunyamaza unapomwona mwenzako akivunja mlango kunaweza kukugharimu pesa.

Umeme: Kanuni inayovunjwa zaidi

Hakuna kanuni inayopuuzwa mabwenini kama ile inayokataza kupika vyumbani. Sababu yake inaeleweka: mwanafunzi hana pesa za kula kwenye mkahawa wa chuo kila siku, na jiko la koili ni rahisi kununua. Lakini hesabu ya umeme haijali umaskini.

Umeme wa majumbani hapa nchini ni wa volti 240, na soketi ya kawaida imekadiriwa kubeba ampea 13, yaani takriban wati 3,000. Chukua chumba cha wanafunzi wanne chenye soketi moja iliyounganishwa na waya wa ekstensheni. Wawili wakiwasha koili za wati 1,500 kila moja na wa tatu akapiga pasi ya wati 1,000, jumla ni wati 4,000, sawa na takriban ampea 17. Waya hupata moto, plastiki yake hulainika, na cheche moja karibu na pazia au godoro hutosha.

Fyuzi iliyo ndani ya plagi imewekwa ikatike kabla ya hapo. Wale wanaoiondoa na kuweka kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pake huondoa kinga ya pekee waliyokuwa nayo.

Hatari zaidi ni kuchota umeme kutoka kishikio cha taa. Nyaya za taa ni nyembamba kuliko za soketi, na nyingi zimepita juu ya dari au ndani ya ukuta ambapo moto unaweza kuanza bila mtu kuona.

Mitungi ya gesi, majiko ya mafuta taa na mishumaa pia hupigwa marufuku. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo inapovuja hutulia sakafuni, chini ya vitanda, ikisubiri mtu awashe kiberiti. Nalo jiko la makaa linalowashwa usiku wa baridi ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoua mtu akiwa usingizini.

Vyuo vingi hutenga chumba cha kupikia au kupigia pasi katika kila bweni. Palipo na chumba hicho, kitumiwe. Kisipokuwepo au kikiwa kibovu, wawakilishi wa wanafunzi wana haki ya kukidai, maana kukataza kupika bila kuonyesha pa kupikia ni kuwasukuma wanafunzi gizani.

Milango, ngazi na mafunzo ya msiba

Historia ya taifa hili imetufundisha kwa uchungu kwamba mara nyingi mlango ndio unaoamua nani ataishi. Mnamo Machi 2001, wanafunzi 67 waliteketea katika bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos, baada ya moto kuwashwa kimakusudi. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma.

Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka wa 2008 ulitaka milango ya mabweni iwe na upana wa angalau futi tano na ifunguke kuelekea nje, madirisha yasiwe na vyuma, na nafasi baina ya vitanda iwe angalau mita 1.2. Mwongozo huo ulitungiwa shule, ila mwanafunzi wa chuo kikuu anaweza kuutumia kama kipimo cha bweni lake.

Vyuo vikuu navyo vimepata funzo lake. Mnamo Aprili 2, 2015, magaidi walivamia Chuo Kikuu cha Garissa kabla ya mapambazuko na kuwaua watu 148, wengi wao wanafunzi waliokuwa mabwenini.

Siku kumi baadaye, Aprili 12, hitilafu ya umeme ilisababisha milipuko katika bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi alfajiri. Wanafunzi, wakidhani wamevamiwa, waliruka kutoka orofa za juu na kukanyagana kwenye ngazi. Mwanafunzi mmoja alifariki na zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Kilichowadhuru wengi wao ni namna walivyotoka.

Ndiyo maana kanuni husema ngazi na ujia visiwekwe baiskeli, magodoro wala masanduku. Kwamba milango ya dharura isifungwe kwa kufuli. Na kwamba vizima moto visiguswe kwa mzaha. Mwanafunzi mpya anapaswa kufanya jambo moja katika wiki ya kwanza: atembee kutoka kitandani mwake hadi nje kwa njia mbili tofauti, akihesabu milango na ngazi, ili aweze kufanya hivyo gizani.

Moto ukizuka, watu waamshwe na swichi kuu izimwe iwapo inafikika kwa usalama. Anayetoka afunge mlango nyuma yake bila kuutia kufuli, ili kuupunguzia moto hewa, na ainame au kutambaa penye moshi, maana hewa safi huwa karibu na sakafu. Moto wa umeme usimwagiwe maji. Nambari za dharura ni 999 na 112.

Mgeni na kitanda kilichouzwa

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mabwenini, hata siku hizo mbili hazipo. Kanuni za vyuo vingi humruhusu mgeni kwa saa maalumu za mchana na jioni, baada ya kuacha kitambulisho langoni, na humkataza kulala. Mabweni ya wanaume na ya wanawake hutengwa, na aliyemkaribisha mgeni ndiye anayewajibika kwa makosa yake.

Uhaba wa vitanda umezaa mgeni wa aina nyingine: mwanafunzi asiye na chumba anayelala kwa mwenzake muhula mzima. Wanafunzi humwita 'paireti', yaani haramia. Wengine hufanya hivyo kwa kuhurumiana, wengine huuza. Mwanafunzi aliyepewa kitanda humkodishia mwingine kwa bei ya juu kuliko aliyolipa chuoni, kisha yeye akaishi kwingine.

Kumsitiri mwenzako asiye na pa kulala ni utu, na hakuna anayeweza kuukejeli. Lakini mwenyeji ajue anachokiweka rehani. Chumba kilichojengewa watu wawili kikilala watano, vyoo, maji na nyaya za umeme vinabeba mzigo maradufu. Siku ya moto, orodha ya msimamizi wa bweni itaonyesha watu wawili, na waokoaji watakapowatoa hao wawili wataondoka wakiamini chumba ni kitupu.

Anayenunua kitanda kutoka kwa mwanafunzi mwingine naye hana ulinzi wowote. Hana stakabadhi, jina lake haliko kwenye daftari, na akifukuzwa usiku hana pa kulalamikia. Aliyeuza huhatarisha kitanda chake na hata masomo yake, kwa kuwa vyuo huchukulia kosa hilo kuwa ulaghai.

Mwanafunzi asiye na uwezo ana njia iliyo bora zaidi: aende mapema katika ofisi ya mkuu wa wanafunzi aeleze hali yake. Baadhi ya vyuo vina kazi za muda kwa wanafunzi wahitaji na misaada ya malazi, ingawa nafasi hizo hazitoshi wote.

Kuishi na mwenzako

Kuna mambo ambayo hakuna kijitabu kinachoweza kuyamaliza. Watu wawili wasiojuana, mmoja kutoka Lamu na mwingine kutoka Kitale, mmoja anayeamka alfajiri kusali na mwingine anayesoma hadi saa nane za usiku, hutiwa katika chumba kimoja na kutakiwa kuelewana.

Inafaa wakubaliane katika wiki ya kwanza kuhusu mambo manne: saa ya kuzima taa, kelele za muziki na simu, zamu za usafi, na wageni. Mambo haya yakizungumzwa mapema huwa mazungumzo tu. Yakingojewa hadi mtihani ukaribie huwa ugomvi.

Suala la wapenzi ndilo huleta chuki zaidi. Mwanafunzi anayemfungia mwenzake nje ili abaki na mgeni wake, hali ambayo wenyewe hutania kuwa ni kupelekwa uhamishoni, anavunja kanuni na pia anamnyima mtu kitanda alichokilipia. Aliyefungiwa nje ana haki ya kumwendea msimamizi wa bweni, na hilo si uchongezi.

Maji nayo yana kanuni yake. Mifereji inapokauka, wengi huiacha ikiwa wazi; maji yarudipo saa tisa za usiku, orofa nzima hufurika. Kila anayeikuta mifereji mikavu aifunge.

Kuhusu kunguni, aibu ndiyo huwafanya waenee. Mwanafunzi anayejipulizia dawa kimyakimya huwafukuzia chumba cha jirani. Dawa hufaa tu iwapo vyumba vinavyopakana vimetibiwa pamoja, na nguo na mashuka yakafuliwa kwa maji ya moto wa zaidi ya nyuzi 60. Apige ripoti mara moja.

Vileo na dawa za kulevya

Mtu mwenye umri wa miaka 18 anaruhusiwa na sheria kununua pombe, lakini bweni si baa. Vyuo vingi hukataza kuileta, kuiuza au kuinywa vyumbani. Kuhusu sigara, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inapiga marufuku uvutaji katika maeneo ya umma, taasisi za elimu zikiwemo.

Bangi na dawa nyinginezo za kulevya ziko katika daraja tofauti. Sheria ya 1994 ya kudhibiti mihadarati inafanya kupatikana nazo kuwa jinai, na chuo hakiwezi kumkinga mwanafunzi. Mwanafunzi asikubali kumwekea mtu mfuko asiojua kilichomo. Ukipatikana chini ya kitanda chake, maelezo yake yatakuwa magumu kuaminika.

Chuo nacho kina mipaka

Wanafunzi wengi hudhani kwamba maadamu wametia sahihi, chuo kinaweza kuwatendea lipendavyo. Sivyo. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, ikiwemo kutopekuliwa makao na mali yake kiholela. Kanuni nyingi huruhusu maafisa wa chuo kukagua vyumba kwa ajili ya usalama na usafi, lakini ukaguzi huo unapaswa kuwa na sababu na kufanywa kwa heshima, ikiwezekana mwenye chumba akiwepo.

Kifungu cha 47 cha Katiba, pamoja na Sheria ya 2015 kuhusu haki katika maamuzi ya kiutawala, hutaka mtu anayekabiliwa na hatua ya kumdhuru aarifiwe mapema kosa analodaiwa kulifanya, aonyeshwe ushahidi, apewe nafasi ya kujitetea na apewe sababu za uamuzi kwa maandishi. Aidha, anapaswa kuelezwa jinsi ya kukata rufaa.

Kwa hivyo mwanafunzi anayeitwa mbele ya kamati ya nidhamu aombe mashtaka kwa maandishi, ahifadhi nakala za barua zote na stakabadhi za malipo, atafute mashahidi na ahudhurie. Anayesusia kikao kwa hasira huamuliwa bila kusikilizwa, na hapo ndipo wengi hupoteza kesi ambazo wangeshinda.

Kadhalika, usalama si wajibu wa mwanafunzi peke yake. Chuo kinachotoza ada ya malazi kinatakiwa kuhakikisha taa za nje zinawaka, vizima moto vimejazwa, kufuli zinafanya kazi na nyaya mbovu zimebadilishwa. Ripoti ya kasoro itolewe kwa maandishi, yenye tarehe, na nakala ibaki kwa mwanafunzi.

Siku ya kuondoka

Muhula unapokwisha, vyumba huhitajika kufunguliwa kwa ajili ya usafi na ukarabati. Mwanafunzi hurudisha ufunguo, vifaa hukaguliwa, na fomu hutiwa sahihi na pande zote mbili. Anayeondoka na ufunguo mfukoni huendelea kuhesabiwa kuwa mkazi, na deni lake humngojea hadi siku ya kuhitimu, anapotakiwa kuidhinishwa na kila idara kabla ya kupokea cheti.

Chuo kikifungwa ghafla kutokana na migomo, wanafunzi hupewa muda mfupi sana wa kuondoka. Mwenye busara huwa na akiba ya nauli asiyoigusa, na huweka vyeti na kitambulisho chake mahali pamoja anapoweza kupafikia kwa haraka.

Wale wanaokodi vyumba nje ya chuo nao wasidhani wamekimbia kanuni. Huko mkataba ni baina yao na mwenye nyumba, na mkuu wa wanafunzi hana mamlaka juu ya mlango wala waya. Wakague mambo yale yale: upana wa ngazi, vyuma vya madirisha, njia ya pili ya kutokea, na hali ya umeme. Chumba cha bei nafuu katika orofa ya tano chenye mlango mmoja wa chuma kinaweza kuwa ghali kuliko kilivyoonekana.

Tahadhari kabla ya hatari, husema Waswahili. Kurasa zile chache zinazoambatishwa kwenye barua ya chuo zinaweza kusomwa kwa nusu saa, kabla ya basi kufika stendi.